Mgogo Aliyekuja Siku ya Mashujaa

Siku ile niliianza mimi. Kambini hakuna aliyenawa uso wala aliyebandika chai mpaka Maganga awashe boza la maji, na Maganga ndiye mimi. Tulikuwa kikosi cha kulinda amani, ng'ambo ya ziwa, huko kwenye milima ambayo mtu wa Tabora akiiona anadhani mawingu. Sisemi kwa kujisifu, ila ukweli usemwe: hakuna dereva mwingine pale aliyeweza kupandisha ule mlima na tangi limejaa bila gari kuserereka. Darasa la saba, mimi. Maofisa wenye vyeti vyao walipokaa kando yangu walikuwa wanashika dashibodi kwa mikono miwili.

Rafiki yangu pale alikuwa Shija, mtu wa Ipole kule Sikonge, wa ukoo wa warina asali. Asali yake aliibeba kwenye chupa ya soda na kuificha kama risasi. Asubuhi ile alinipakia kwenye kipande cha mkate, akaniambia, "Kula, dereva. Wewe ukifa tutakuzika na usukani wako mikononi."

"Na wewe tutakuzika ndani ya mzinga," nikamjibu. Tukacheka. Ndiyo maneno yetu yalivyokuwa, kila siku.

Alitaka kupanda nami kwenye boza. Sajenti akakataa, akamwambia apande gari la ulinzi, la nyuma. Sajenti mwenyewe akakaa kando yangu. Tukatoka, tangi limejaa, tunapeleka maji kituo cha mbele.

Baada ya daraja la magogo huwa wanakaa akina mama wanauza unga wa muhogo. Siku ile hawakuwepo. Majiko yao ya mawe yalikuwapo, wao hawapo.

Nikamwambia sajenti, "Hii siipendi."

Kioo kikapasuka.

Sikusikia mlio kwanza. Niliona kioo, halafu damu ya sajenti begani, halafu ndiyo mlio.

"Endesha! Usisimame! Endesha!" sajenti akapiga kelele.

Nikatazama kioo cha pembeni. Vumbi. Ndani ya vumbi gari la nyuma limelala ubavu.

Nikakanyaga mafuta.

Tairi la kushoto likapasuka. Nikaendesha kwa ringi. Tangi lilikuwa limetobolewa, nasikia maji yanamwagika, na gari linazidi kuwa jepesi. Nikazunguka kwa njia ya juu nikarudi kambini na sajenti akiwa hai. Nitajieni nani mwingine angefika.

Njia ilifungwa kutwa nzima. Jioni ndipo wenzetu walipofika pale penye gari la nyuma. Ofisa mmoja akaja nilipokuwa, akanishika bega. "Shija amefariki papo hapo. Hakuumia."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoibeba mpaka Ipole.

Sasa, mazishi ya jeshi ni mazuri, hilo silikatai. Bendera, tarumbeta, risasi tatu hewani, vijana wamenyooka kama misumari. Jeneza lilikuja limefungwa na likazikwa limefungwa. Lakini kwetu Unyamwezi mtu hazikwi kimya namna ile. Lazima awepo mtani. Mtani anaingia kaburini analala humo, anasema hapa ni pake, hatoki mpaka alipwe. Anamtukana marehemu, anavaa nguo zake, anaigiza alivyokuwa anatembea. Waliobeba msiba wanacheka bila kutaka, na ndipo wanapoweza kulia vizuri. Siku ile watani walikuja, wakazuiwa kwa adabu nyuma ya kamba. Ratiba haikuwa na nafasi yao.

Basi watu wakaanza kunong'ona. Jeneza lilikuwa jepesi. Mbona halikufunguliwa? Mbona halijanuka? Wengine wakasema mle mna mgomba, si mtu.

Mama Shija hakunong'ona. Alitangaza. "Mwanangu hayumo humo." Akakataa matanga yaanuliwe, akakataa kunyolewa nywele za msiba. Nywele zikaota, zikawa nyeupe, akazifunga kwa kitambaa cheusi.

Kila mwaka, Siku ya Mashujaa, huja mjini Tabora. Anafikia kwangu Itetemia, maana nina nyumba ya kufikiwa na watu: vigae, ukuta, geti la chuma nililochora mwenyewe ramani yake. Niliacha jeshi, nikanunua boza bovu, nikalala chini yake mpaka likawaka. Leo mafundi wanaojenga pande hizi wakikosa maji wananipigia mimi. Siku hiyo nachinja, napika pilau, familia zilizofiwa zinakula. Wapo wanaokuja kuwakumbuka marehemu wao na wapo wanaokuja kukumbuka pilau. Nawajua. Nawatazama mikono.

Asubuhi tunakwenda kwenye mnara. Wazee waliopigana Kagera wanakaa mbele na nishani zao. Inawekwa mkuki na ngao, upinde na mishale, shoka, shada la maua. Shehe anaomba, padri anaomba. Gwaride likivunjwa, Mama Shija anainuka. Anapita kwa askari mmojammoja, anatazama uso, anakwenda kwa mwingine. Vijana wanadhani bibi anawabariki. Anamtafuta mwanawe.

Mwaka huu, kabla hatujatoka nyumbani, aliniambia, "Baba, hii ya leo ndiyo ya mwisho. Nikirudi Ipole nachimba."

"Unachimba nini, mama?"

"Kaburi. Nimeshawaambia wadogo zake. Wakikataa, jembe ninalo."

"Mama, mimi nilikuwepo. Alikufa papo hapo. Hakuumia."

Akanitazama. "Wewe umesema hivyo. Ofisa aliyeleta jeneza alisema hivyo. Wale vijana wawili wa jeshi waliokuja na mchele wa rambirambi walisema hivyo. Watu wanne, neno moja, kama watoto wa kwaya. Mimi nimezaa saba, Maganga. Watoto wakija wote na jibu moja, najua kuna kilichovunjika."

Na niseme kweli, kwa nini nisiseme, hata mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Niliona vumbi tu. Sentensi ile nilipewa.

Tuliporudi kutoka kwenye mnara, watu wamekaa kwenye mikeka uani, sahani zinazunguka, akaingia mtu bila hodi. Koti la zamani, mguu mmoja anauburuza, fimbo mkononi. Hakusalimia. Akaenda moja kwa moja alipokaa Mama Shija, akajilaza chali mbele yake, fimbo kifuani.

"Nani mwenye msiba hapa?"

"Hapa hakuna msiba," nikamwambia. "Ni kumbukumbu ya mashujaa."

"Kumbukumbu ni ya serikali. Nauliza msiba ni wa nani? Siondoki mpaka nipewe mbuzi. Mnyamwezi kafa, mmemfukia kimyakimya kama paka, mkidhani Wagogo hatutasikia?"

Wengine wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Kila mwaka hutokea mtu wa namna hii. Mmoja alivaa nishani ya baba mkwe wake. Mwingine alilia kwa sauti kuliko wafiwa, akaondoka na sufuria. Utani naujua, nimezaliwa nao, Mgogo ni mtani wetu tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao na meno ya ndovu mabegani kwenda pwani. Lakini tapeli naye anajua utani. Tena ndiyo kanzu nzuri ya kuvaa: utamfukuzaje mtani?

"Jina lako?"

"Chiwanga. Lako silitaki, wapagazi mnafanana."

"Nani kakuelekeza hapa?"

"Binti yangu kaolewa huku kwenu, bahati mbaya yake. Nimekuja kumwona, nikapita kwenye mnara. Nikamwona bibi anawakagua askari nyuso. Nikauliza ni nani. Wakaniambia ni mama yake Shija wa Ipole, aliyefia ng'ambo ya ziwa. Nikasema, kumbe! Mdeni wangu ana mama."

"Ulikuwa kikosi gani?"

"Wee mpagazi, umekuwa polisi lini?"

"Nimekuuliza kikosi."

"Kombania nyingine. Nilipewa lifti kwenye gari la ulinzi nikaungane na wenzangu huko mbele. Lifti mbaya kuliko zote nilizopanda." Akapiga mguu wake mbovu kwa fimbo. "Huu ndio nauli."

Hilo mtu yeyote angeweza kulisikia kilabuni. Nikamtegea mtego wangu. Nilijua tapeli atajibu kama wote, kwa sababu jibu lile lilishazunguka mkoa mzima.

"Haya. Shija alikufaje?"

Yeye akageuza kichwa pale chini, akanitazama. "Mnasemaje nyinyi?"

"Papo hapo," akadakia mtu mmoja kutoka mkekani. "Hakuumia."

Mgogo akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Papo hapo! Yule? Mnyamwezi yule afe papo hapo, na mdomo wote ule?"

Nikasogea nimkamate kola nimtoe.

"Mwache aseme," Mama Shija akasema. Aliweka sahani chini.

Chiwanga akainuka, akakaa. Sauti aliiacha vilevile, ya mzaha, lakini macho yalikuwa kwa mama peke yake.

"Mama, mwanao alikuwa na kelele! Tulitupwa mtaroni mimi na yeye. Mimi mguu, yeye tumbo. Nimembana kwa mikono yangu miwili, hata shukrani hana. Ananiambia, 'Toa mikono yako, Mgogo, inanuka mbuzi.' Nikamwambia, 'Nikiitoa utamwagika, mjinga wewe.' Akalia kama mtoto anayenyimwa ziwa. Nikamwambia, 'Nyamaza, watatusikia.' Hanyamazi."

"Alikuwa anataka nini?" mama akauliza.

"Maji. Nikamwambia, babu zako walikuwa wanapita kwetu Ugogo wakilipa hongo ndiyo wapewe maji ya kisima. Wewe leo utanilipa nini? Akasema, 'Asali. Chupa nzima. Nipe maji.'"

"Ukampa?"

"Ningempa nini, mama? Boza lilikuwa limekwenda. Liliacha mchirizi pale barabarani, tunauona, udongo umelowa. Nikajiburuta nikauchota ule udongo, nikampaka midomoni. Akaunyonya. Akasema ni mchafu kama ugali wa Dodoma."

Mama Shija akavuta kitambaa chake.

"Aliniita?"

"Alikuita. Si mara moja. 'Mayu, mayu.' Mimi sikijui Kinyamwezi, nilikuja kuuliza baadaye nikaambiwa maana yake. Aliita mpaka jua likawa limeshuka. Halafu akachoka."

Watu wote tulikuwa tunamtazama mama, mke wangu kasimama mlangoni na jagi. Kisha mama akasema, taratibu, kama anayemweleza mgeni habari za nyumbani:

"Alipokuwa mdogo nyuki mmoja akimuuma, kijiji kizima kilijua. Baba yake alikuwa anaona aibu. Huyo ndiye mwanangu." Akatugeukia sisi. "Yule wenu, anayekufa kimya kila mwaka, mimi simjui."

Ndipo akalia. Mgogo naye akalala tena chali, akafunika uso kwa koti lake.

Baada ya muda akasikika chini ya koti. "Na mbuzi wangu?"

"Utapewa."

"Wawili."

"Mmoja, ombaomba wee," Mama Shija akasema, machozi yanamtoka.

Kesho yake niliwapeleka Ipole kwa gari langu. Vumbi la njia ya Sikonge mnalijua. Nyuma wao wawili walitukanana njia nzima, michembe ya Wanyamwezi, vile viazi vikavu, na umaskini wa Wagogo, mpaka nikashindwa kusikia injini. Kule Chiwanga alipanda juu ya kaburi na mguu wake ule, akakaa, akakataa kushuka mpaka mbuzi aonekane. Akatembea akiigiza Shija, akakosea, akafundishwa na wadogo zake Shija, akaigiza tena. Halafu akamnyoa mama nywele, kwa wembe mpya, polepole. Kichwa kilipotoka kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Jembe likapelekwa shambani, kwenye kazi yake ya siku zote.

Mimi nilikaa kwenye gari, mlango wazi. Mama akaja na kichwa chake kipya, akasimama.

"Na wewe, baba, ndiye uliyekuwa kwenye lile boza?"

"Ndiyo, mama."

"Uliwaona?"

"Niliona vumbi."

"Vumbi tu?"

"Vumbi tu, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa watu wake. Kama aliniamini sijui, na sitamuuliza.

Amri ile ya kutosimama ilikuwa sahihi. Sajenti yuko hai, ana wajukuu, kila sikukuu ananipigia simu. Leo ukinirudisha kwenye kona ile na amri ileile, nitakanyaga mafuta. Nimelipima jambo hili kila upande kama ninavyokagua gari, na sioni pa kugusa.

Lakini miaka yote nilikuwa na rafiki aliyekufa papo hapo, asubuhi. Sasa ninaye aliyekufa jioni, na mchana wote ule mimi nilikuwa kambini, nabadilisha tairi.