Ukurasa wa Mwisho wa Mwalimu Gerson

Mwalimu Gerson wa Makole alisomesha riwaya moja miaka ishirini na sita, na jamani, aliisomesha bila mwisho. Nakala pekee ya shule ilikuwa imenyofoka karatasi ya nyuma, na wanafunzi wakadurufu hiyohiyo, kizazi hadi kizazi.

Ni habari za mtu aliyerudi kwa baba yake kumuuliza kwa nini alimzaa katika dunia ya mateso. Anapiga hodi, kimya. Nakala ikaishia hapo. Gerson naye akatoa somo lake: asiyejibiwa hapigi hodi mara ya pili, huo ndio utu. Neno hilo Dodoma ililidaka. Utalikuta limeandikwa kwenye bodaboda, na washehereshaji wanalitia kwenye harusi za watu.

Restuta, binti yake, alilisikia akiwa dawati la mbele. Alipotaka kuolewa na Imrani, kijana Mwislamu wa Chang'ombe, alikuja kupiga hodi kuomba baraka. Mzee, kwa ukaidi wake, akanyamaza ndani huku redio inaongea. Binti hakurudi tena. Miaka tisa! Na baba mtu, eti, akijisifu kwamba mtoto kaelewa somo.

Juzijuzi akakuta nakala nzima kwa muuza vitabu vya mtumba. Akausoma ukurasa wa mwisho hapohapo juani. Yule mtu anapiga hodi tena, na baba anafungua. Mara ya kwanza baba huyo alikuwa anatafuta fimbo yake ya kutembelea. Basi, ndiyo hivyo tu. Gerson akaketi juu ya vitabu vya watu, kisha akainunua ile nakala.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na siku hiyohiyo ndiyo aliyokwenda Ihumwa, kwa Restuta na mumewe, akijua atawakuta nyumbani. Akapiga hodi. Restuta akauliza nani. Akajibu ni baba yake. Kimya. Akapiga tena.

"Mwalimu," Restuta akasema kwa upole nyuma ya mlango, "asiyejibiwa hapigi hodi mara ya pili. Si ulitufundisha wewe?"

Hakumwita baba. Gerson akaanza kueleza habari za karatasi iliyopotea, akajisikia mwenyewe kama mwongo. Mtu ambaye hajawahi kukunja hata pembe ya kitabu akauchana ule ukurasa wa mwisho, akauingiza chini ya mlango. Nusu ikapita, nusu ikabaki nje.

Akasimama pale hadi pilau ya majirani ikaliwa ikaisha. Karatasi haikuvutwa.