Matunda ya Mpungate

Mpungate ule nilipewa na jirani yetu wa Kihindi siku alipofunga mizigo kurudi kwao Bombay. Kilikuwa kijiti cha majani matatu ndani ya kopo la samli.

"Huu si kama mipungate mingine," aliniambia. "Unakuwa kichaka, unatoa maua kama waridi. Aliyenipa alisema huko Amerika ulikotoka misitu inakatwa, miti hii imebaki michache mno. Usiuache ukafa."

Ilikuwa mwaka wetu wa tatu Maskati tangu tukimbie Unguja mwaka wa sitini na nne, na nilikuwa naogopa kila kitu: joto, lango la mji likifungwa usiku, Kiarabu changu kilichochekwa kisimani. Nikaupanda uani. Ukafika kimo cha ukuta, ukachanua, ukazaa matunda ya manjano.

Adhuhuri moja nilikuwa jikoni naosha mchele. Natoka kwenda uani, namkuta mwanangu, hajatimiza miaka miwili, amekaa chini ya mpungate. Vidole vinamtoka damu kwa miiba, mbegu nyeusi zimemganda kidevuni.

Nilimtia kidole kinywani nimtapishe. Akaning'ata, akalia, kisha akanyamaza, akanilalia begani. Ukimya ule ndio ulionitia wazimu.

"Mama! Mwanangu anakufa!"

Mkwe wangu alitoka chumbani mbio, msala wa kusalia bado mkononi. "Kala nini?"

"Tunda la mpungate. Sijui kama lina sumu, sikuuliza!"

Akamfunua mtoto macho, akamnusa kinywa. Halafu akauendea mti, akachuma tunda, akalipangusa kwa kanga, akalitia lote kinywani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nnakula. Daktari atauliza linauma wapi. Huyu hawezi kusema, mimi ntasema. Haya, vaa buibui twende."

Jirani mwingine alitupeleka hospitali ya Matrah kwa landrova yake. Njia nzima nilikuwa natazama mmoja, namgeukia mwingine. Mtoto kalala. Bibi yake anatokwa jasho. Mume wangu alikuwa kazini, na mimi natunga maneno ya kumwambia kwamba nimemuulia mama na mwana siku moja. Penye mlima mkwe wangu akashika tumbo, akafumba macho. Nikamshika bega.

"Tumbo, mama?"

"Gari. Inanitikisa."

Daktari hakuwahi kuuona mti ule. Alituketisha barazani, akawa anakuja kuwashika mishipa wote wawili. Mtoto akaamka, akataka maji, akanikojolea. Mkwe wangu akasinzia kwenye benchi, anakoroma. Kila mkoromo ulipokatika, nami pumzi zikanikatika. Alasiri ilipopita, daktari akasema, "Nendeni kwenu. Hawana kitu."

Jioni mume wangu alitaka kuung'oa mpungate. "Uwache," mama yake akamwambia. "Tunda lenyewe chachu tu."

Haukung'olewa. Lakini miaka yote tuliyokaa nyumba ile niliyachuma matunda yakiwa mabichi, nikayatia motoni. Na hata mwanangu alipoanza kwenda chuoni kusoma Kurani, kila akitoka uani nilimwambia afungue kinywa.