Mama Jairo Aliruka Dirishani

Wadau, nimeona kwa macho yangu mama akiruka dirishani na kumwacha mwanawe kwenye oksijeni.

Mchana kweupe. Hapa hapa Tukuyu.

Mimi ni nesi wa watoto, mzaliwa wa Singida, na nilikuwa na wiki mbili tu wodini. Jairo, miezi minane, aliletwa kutoka Lufingo na nimonia kali, kifua kinabonyea kila akivuta pumzi.

Tukamwekea mipira ya oksijeni puani. Mama yake, Tulia, akampakata wima, mtoto akapoa.

Mara kikohozi mlangoni. Tulia akamlaza mtoto, akajifunika kitenge usoni, huyoo, dirishani.

Akaingia mzee na chana ya ndizi.

Jairo akalia, akang'oa mipira. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikaanza kushuka. 90. 87. 84. Niliogopa jamani.

"Mama gani huyu?" nikafoka, huku nairudisha mipira.

"Usimgombeze, nesi. Ni mkamwana wangu. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Nilidhani ametoka kula. Ngoja niondoke."

"Huondoki, mzee. Kaa hapo."

Nilikuwa peke yangu na watoto kumi na mmoja. Nikamweka Jairo kifuani pake, wima. Bado analia.

Sauti ikatoka nje ya dirisha: "Nesi, mwambie ampigepige mgongoni."

Mzee alisikia kila neno, lakini ananisubiri mimi.

"Mpigepige mgongoni," nikasema.

Akapiga.

"Mwambie aimbe ule wa kanisani."

"Imba ule wa kanisani, mzee."

Akaimba. Sauti mbovu, acha tu. Lakini Jairo akanyamaza, akasinzia. 88. 91. 95.

"Ndaga fijo," dirisha likasema.

"Anashukuru sana," nikamtafsiria Mnyakyusa Kinyakyusa chake. Mzee akacheka mpaka nikamkanya asimwamshe mtoto.

Siku ya sita Jairo akaruhusiwa. Aliyekuja kuwachukua ni shemeji yake Tulia, Ambwene, mtoto wa yule mzee, fundi pikipiki wa Kiwira. Kijana ana maneno yule, tuyaache.

Juzi nilikuwa jikoni kwa mzee, nakoroga uji wa Jairo. Ana miaka miwili sasa, anakimbiza kuku. Uani nikasikia kikohozi kile kile.

Nikatupa mwiko, nikajifunika kitenge, nikapita dirishani. Ndiyo, Ambwene alinioa.

Nje nikamkuta Tulia kanitangulia, anacheka hadi machozi.

"Mama gani huyu?" akaniuliza.

Ndugu zangu, ukimwona mama anakimbia, kwanza uliza nani kakohoa.