Ng'ombe wa Shangazi Kwenye Kundi la Ofisi

Kwetu mkoani Mara mtu mwenye adabu hamuulizi mwenzake ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumchungulia anapooga. Na mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa mbali, na rafiki hukamua maziwa yake na kufunga mdomo. Nilikulia humo nikiona ni kawaida tu, mpaka nilipoajiriwa na kampuni ya bima ya mifugo, ambayo kazi yake kubwa ni kuuliza watu wana ng'ombe wangapi na wamewaweka wapi.

Ofisi yetu iko mtaa wa Mukendo, Musoma mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ndiye mtu wa mifumo: kompyuta, nywila, na lawama za kila asubuhi kwamba intaneti imekata. Kila ng'ombe anayekatiwa bima huvikwa hereni yenye namba, hupigwa picha, na zizi lake huwekwa kwenye ramani. Siri ambazo wazee walizitawanya kwa makusudi, sisi tulizikusanya sehemu moja, na mlinzi wake nikawa mimi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mjane wa kijiji kimoja cha Butiama. Ng'ombe wake aliwanunua mwenyewe kwa pamba na kwa kuuza dagaa, akawaweka Bunda kwa rafiki yake aliyepata naye kipaimara. Marehemu mumewe alijua. Shemeji zake hawakujua, maana kwao chochote chenye kwato alichoacha ndugu yao ni cha ukoo. Ng'ombe hao ndio waliokuwa wakimsomesha binti yake uuguzi hapa Musoma. Ada ikifika mmoja anapelekwa mnadani, na kijijini watu wanaambiwa kanisa limesaidia.

Mmoja alipokufa kwa ugonjwa, shangazi alikuja ofisini kudai fidia. Akaketi mbele ya dada anayeshughulikia madai, akamweleza yote.

"Msinipigiage simu kule kijijini," akasema. "Mkinitaka, mwambieni huyu mtoto wa kaka yangu. Wale wakijua tu, mwanangu chuo basi."

"Shangazi, ondoa wasiwasi," dada akamjibu. "Hapa siri zinakaaga."

Alimaanisha kabisa. Dada huyu, mkazi wa Mwisenge, ni mtu mwema, na ndiyo maana hata hasira yangu juu yake haijapata pa kutua. Nyumbani anaongea Kijita, kazini Kiswahili, lakini makao makuu ya Dar es Salaam yanataka ripoti ya kila mwezi kwa Kiingereza. Zake zilikuwa zinarudishwa zimechorwa mistari myekundu kama daftari la mtoto wa darasa la tano. Nilishawahi kumkuta kwenye ngazi anafuta machozi.

Kisha ikaja programu ya akili mnemba, ya bure, kwenye simu yake mwenyewe. Ofisi nzima ikaibatiza jina la mjomba. "Mpelekee mjomba." "Mjomba keshaandika." Unampa maneno yako yaliyopindapinda, anakurudishia Kiingereza cha balozi. Makao makuu wakatuma mwongozo wa kukataza kumpa taarifa za wateja, nao kwa Kiingereza, na mwenzetu mmoja akampelekea mjomba mwongozo huohuo wa kutunza siri amfafanulie kwa Kiswahili. Nilicheka mpaka nikashika meza. Leo sioni kilichonichekesha.

Dada aliandaa ripoti ya madai na mjomba. Majina ya wateja aliyaondoa, kama nilivyowafundisha. Lakini aligundua kwamba mjomba huandika vizuri zaidi akielezwa kila kitu, basi akamweleza: mjane wa kijiji fulani Butiama, binti yake anasomea uuguzi, ng'ombe wako Bunda kwa rafiki aliyepata naye kipaimara, shemeji wasijue. Huku kwetu, baada ya hapo, jina la nini tena?

Makao makuu wakaisifu ripoti. Kwa furaha, na kwa moyo wa kusaidia wengine, dada akatuma linki ya mazungumzo yote kwenye kundi la ofisi na mawakala, ili nao wajifunze namna ya kuongea na mjomba. Nilipoiona nilichukua simu yake nikaifunga isifunguke tena. Ilikuwa imeshasomwa na wakala wa Butiama, aliyeoa kwenye ukoo ule. Akampelekea habari baba mkwe wake, mmoja wa shemeji za shangazi, tena kama habari njema: kumbe marehemu aliacha ng'ombe!

Rafiki wa Bunda alinipigia wakati wanalifungua zizi.

"Wamekuja wengi," akasema. "Wanasema ni za marehemu. Mimi mwanamke peke yangu, niwafanyeje?"

Nilipofika samadi ilikuwa bado mbichi. Hereni zetu walizikata wakazitupa humohumo, nadhani waliogopa zingewafuatilia. Niliziokota moja moja, nikaziosha bombani, sijui kwa nini. Hazikuwa na kazi tena.

Kampuni ilikataa kulipa. Haukuwa wizi, hakikuwa kifo; ulikuwa mgogoro wa familia, na bima haiugusi. Barua ilikuja na Kiingereza laini, chenye pole nyingi zilizopangwa vizuri, na niliposoma aya ya kwanza nilimtambua aliyeiandika. Hata Dar es Salaam wana mjomba. Dada wa madai alipewa onyo, sisi wengine tukapewa semina yenye soda na sambusa. Shangazi alishauriwa aende baraza la kata. Akakataa, kwa sababu baada ya baraza angerudi kuishi na watu walewale.

Binti alirudi nyumbani kabla ya mwaka wake wa mwisho.

Nilikwenda kuwaona baada ya mvua kuanza. Kutoka uani nilimsikia shangazi akiongea na jirani yake, sauti imechangamka. Nilipobisha hodi wakanyamaza wote. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea ugali na sato, akaniuliza kama ziwa limetulia na kama kwangu Nyasho maji yanatoka. Nilimwomba radhi kwa niaba ya ofisi, akaniambia, "Kula, baba, kitapoa." Nikala.

Jioni binti alinisindikiza hadi barabarani kusubiri bodaboda. Nikamuuliza kama mama yake ana mpango wowote wa kumrudisha chuo.

"Upo, kaka," akasema, akitazama pembeni. "Ila mama amesema wewe usiambiwe."