Maneno Aliyonong'onezwa Nerina

Nerina, mshona mavazi wa Trieste, aliipenda filamu moja ya Kicheki kuliko zote. Aliiona mara ya kwanza akiwa bado bibi harusi, katika klabu iliyoonyesha filamu za nje bila tafsiri. Mumewe Livio, aliyezaliwa na mama Mcheki, alimnong'oneza kila neno sikioni.

Siku hizo jumba moja la opera huko Milano lilikuwa limemwita Nerina kazini. Filamu iliishia kwa mke aliyesimama mlangoni na sanduku lake, akimwambia mumewe neno. Livio akatafsiri: "Anasema hawezi kuondoka, kwao ni hapa." Nerina alilia sana, na Milano hakwenda.

Uzeeni filamu ile ikarudi, safari hii ikiwa na maandishi ya Kiitaliano. Mke alipofika mlangoni, Nerina akasoma: "Nikibaki nitaoza nikiwa hai. Usinifuate."

Walipotoka nje, Livio alijichekesha. "Mambo ya ujana hayo, mpenzi. Niliogopa utaniacha."

"Si ungesema tu, 'Nerina, usiende'? Ukaona bora unidanganye!"

"Lakini tumeishi vizuri."

"Wewe ndiye uliyeishi vizuri, Livio."

Nerina alipanda basi kwenda kwa dada yake huko Opicina, nje ya mji, akakaa huko kipupwe chote. Kila Jumapili Livio alimfuata na keki. Nerina alimpokea, akamchemshia kahawa, wakazungumza habari za watoto. Kisha alimsindikiza hadi kituoni, akamwacha aondoke peke yake.