Nyota ya Majembe ya Mkiwa

Hili lisitoke nje ya gazeti. Nilimwapia mke wa mwenye duka kwamba sitalisema, basi nanyi someni kimyakimya.

Jumanne wakili kutoka Dar es Salaam alifika Mkiwa, barazani kwa Bwana DC. Nilidhani mawakili hugombania mashamba na urithi. Huyu hugombania chapa za bidhaa za ng'ambo. Alidai mwenye duka letu huchora nyota nyekundu ya kiwanda cha ng'ambo kwenye majembe hafifu. Ikithibitika, duka linafungwa.

"Imechomwa huko kiwandani," mwenye duka akajibu. "Haitoki hata kwa patasi."

Wakili akanigeukia. "Shikamoo, mama. Jembe jipya mnalifanyaje hapa?"

"Marahaba. Muuzaji hulipaka samli mbele ya mteja, lisishike kutu."

"Basi na ampakie mama samli jembe hili la dukani kwake," akasema wakili.

Samli ikaletwa. Mwenye duka akapaka pembeni pembeni, akiikwepa nyota kama jipu.

"Na katikati, mwanangu," nikamwambia. "Kutu haichagui."

Baraza zima likamtazama. Akasugua mara moja, akakunja ngumi haraka.

"Fungua mkono," akasema Bwana DC.

Akaufungua. Jembe lilibaki jeusi tupu, na nyota ilikuwa kiganjani mwake.