Njia ya Adrigole

Edna Mwaisaka alizaliwa Tukuyu, mahali ambapo ukitaka kwenda sokoni, kisimani au kanisani, lazima upande au ushuke. Alipofika Dubai mwaka 2003 kufanya kazi za nyumbani, kilichomsumbua hata zaidi ya joto ni ule utambarare. Alisema macho yake hayakuwa na pa kuegemea.

Mwajiri wake aliitwa Declan, fundi wa ndege kutoka Ireland, mtu asiye na maneno mengi, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya kupanga mtaa wa Al Twar. Mwaka wa kwanza kazi ilikuwa nyepesi: kufua, kupiga pasi, kuchemsha viazi. Kisha baba yake Declan akafariki huko kwao. Mama yake alikuwa ameshaanza kusahau mambo, akawa hana wa kukaa naye. Declan akaenda kuzika na kurudi na mama. Huyo ndiye Madam Betty. Alikuja na sanduku moja la nguo na baiskeli.

Kwa miaka mingi Betty na mumewe walikuwa wakiongoza wageni kwa baiskeli katika rasi ya Beara, kusini-magharibi mwa Ireland. Wageni walilala nyumbani kwao katika kijiji cha Adrigole, na asubuhi msafara ukatoka, mume mbele, Betty nyuma kabisa ili asiachwe mtu. Sasa alikuwa hawezi kukumbuka kama amekula, lakini zile barabara alikuwa nazo zote.

"Ukivuka daraja la Adrigole, usijifanye shujaa," alimwambia Edna wakimenya viazi jikoni. "Mlima unaanza polepole, kama mtu anayekusalimia. Kuna uzio wa maua mekundu pande zote mbili. Halafu kona zinaanza. Ukifika kwenye kona usitazame juu, utakata tamaa. Tazama gurudumu lako."

"Na huko juu kuna nini, madam?"

"Kondoo waliopakwa rangi ya bluu mgongoni, na upepo. Ukiinua macho unaona ziwa liko chini kabisa upande wa pili. Hapo ndipo ninapowasubirisha wote, tunywe chai, kabla ya kushuka."

Edna alipenda kusikiliza. Mvua ile ya mchana, ukungu, nyasi zinazoota katikati ya barabara, ng'ombe anayesimama njiani na kugoma kuondoka: angeweza kuwa anasimuliwa njia ya kwenda kwa shangazi yake kule Rungwe. Naye akamsimulia Betty migomba na mashamba ya chai, na vilima ambavyo vijana hushuka kwa baiskeli wakiwa wamebeba mikungu ya ndizi, breki zikinuka.

"Na wewe ulishuka?"

"Baiskeli zilikuwa za kaka zangu, madam. Mimi nilisukuma tu zikipanda."

Betty aliliona hilo kuwa dhambi. Majira ya baridi, Dubai ilipopoa, alimfundisha Edna kuendesha baiskeli katika vichochoro vya Al Twar. Mwanamke mwenye mvi akikimbia kando ya tandiko, akipiga kelele za gia na breki, na jirani Bi Joha akichungulia getini akicheka hadi anashika kiuno. Bi Joha alikuwa mjane wa ukoo wa Kizanzibari uliohamia huko zamani, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Unguja.

"Mwanangu Edna," alimwita, "huyo bibi wa Kizungu ana akili kuliko sisi sote. Sisi tumekaa tunaota kutu."

Lakini akili ya Betty ilikuwa inakwenda. Ilipofika Machi alitoka peke yake na baiskeli, akakutwa amesimama katikati ya mzunguko wa barabara, magari yakimzunguka. Declan aliifungia baiskeli stoo, ufunguo akamkabidhi Edna, akamwambia, "Akiuliza, mwambie iko kwa fundi."

"Atauliza kila siku, sir."

"Basi mwambie kila siku."

Na kila siku Betty aliuliza. Asubuhi alishuka ngazi amevaa viatu vyake vya kuendeshea. Edna alisema iko kwa fundi, na uso wa Betty ulianguka kana kwamba amepewa habari za msiba, kwa sababu kwake ilikuwa habari mpya. Wageni wanangoja, alisema. Wamelipa, wametoka mbali, nitawaambia nini? Kisha alikaa kwenye kiti cha jikoni na kulia kimya. Kesho yake tena. Edna alikuwa mtu wa kanisa, na uongo ule ulianza kumlemea. Alimwambia Declan. Declan alisema hataki mama yake afe chini ya gari, na hilo pia lilikuwa kweli, kwa hiyo Edna akaendelea kusema iko kwa fundi.

Mwezi wa tano alishindwa. Alifungua stoo, akaitoa baiskeli, akamwacha Betty aizungushe uani, kutoka kwenye tangi la maji hadi getini na kurudi. Geti alilifunga kwa komeo. Betty alizunguka huku akitaja majina ya kona, na siku ile hakulia. Basi ikawa desturi yao, Declan akiwa kazini. Baada ya mzunguko, baiskeli ilirudi stoo na kufuli ikafungwa.

Ijumaa moja, kabla ya sala ya adhuhuri, simu ya nyumbani ililia wakati Edna akiirudisha baiskeli. Akaiegemeza ukutani, akaingia ndani. Alikuwa dada yake kutoka Tukuyu; mama yao alikuwa mgonjwa, na maongezi yakawa marefu kuliko alivyodhani. Alipotoka, uani palikuwa patupu, komeo limevutwa na geti liko wazi.

Alikimbia kichochoroni mpaka mwisho, akarudi, akakimbia upande wa pili. Jua lilikuwa limekaa utosini, barabara tupu, wanaume wengi bado msikitini. Akagonga kwa Bi Joha kwa viganja viwili.

"Madam ametoka na baiskeli. Bibi, mimi ndiye niliyefungua stoo."

"Hayo ya nani kafungua tutayaongea baadaye," alisema Bi Joha, akivuta buibui lake. Mpwa wake Yaarub alikuwa ndiyo kwanza anaegesha gari akitoka kusali. "Yaarub, usizime. Yalla, twende."

Walizunguka Al Twar yote, wakapita shuleni, wakapita sokoni. Hakuna. Yaarub aliuliza bibi yule hupenda kwenda wapi. Edna alifunga macho. Betty hakupenda kwenda popote katika mji huu, alilalamika daima kwamba hauna mlima hata mmoja. Ila siku moja, walipokuwa wakienda kliniki upande wa pili wa Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji, gari lilipoanza kupanda Daraja la Garhoud, Betty alikaa wima akashika mkono wa Edna. "Sikiliza injini," alisema. "Hapa tunaanza kupanda."

"Darajani," alisema Edna. "Twende Garhoud."

Bi Joha aligeuka kumtazama. "Kwa baiskeli? Umri ule, jua hili?"

"Atafika, bibi. Amepanda milima maisha yake yote."

Walimkuta karibu na kilele cha daraja, ameketi ameegemea reli, baiskeli imelala miguuni. Magari yalimpita kwa kasi, mengine yakipiga honi. Yaarub alisimamisha gari nyuma yake na kuwasha taa zote. Uso wa Betty ulikuwa mwekundu mno na ngozi yake kavu, haikuwa na tone la jasho. Edna alipoigusa ilikuwa ya moto kama ukuta uliopigwa na jua.

"Mmechelewa," alisema Betty kwa sauti nyembamba. "Nimewasubiri. Uko peke yako? Wengine wako wapi?"

Edna alitazama chini. Maji ya Khor yalikuwa yakimetameta hadi yanaumiza macho.

"Wanakuja, madam. Wako kona ya mwisho."

"Umeliona ziwa?"

"Nimeliona."

"Basi chai," alisema Betty, na kichwa chake kikaangukia begani kwa Edna.

Walimbeba garini. Bi Joha alimwagia maji ya kunywa kichwani na kifuani, akimpepea kwa ncha ya buibui, akisoma dua njia nzima. Polisi wa doria alifika wakati wanamfungia mlango, akataka kujua ni nani mwenye dhamana na mwanamke huyu. Bi Joha alimjibu kwa Kiarabu, bila kupandisha sauti, kwamba huyu ni mama wa watu, anakufa, na maswali yatafuata hospitalini. Polisi akatangulia na king'ora.

Betty hakufa. Lakini joto lilikuwa limeharibu kitu ndani yake, na alipozinduka alikuwa na maneno machache tu yaliyobaki.

Declan alifika hospitalini akiwa bado na sare ya kazini. Alikaa kwanza na mama yake, kisha akatoka kwenye korido ambako Edna na Bi Joha walikuwa wamesimama.

"Nani alifungua stoo?"

"Mimi, sir."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Nilimdanganya mpaka nikachoka. Alikuwa akilia kila asubuhi, sir, wewe umeshaondoka. Nilifikiri uani kuna usalama. Nikaiacha baiskeli nje, nikaenda kwenye simu."

 Declan alisema ataifuta viza ya Edna. Kisha akakaa kwenye kiti cha korido, akaegemeza viwiko magotini, na Bi Joha, ambaye hakuwa amewahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, akaenda kukaa kiti cha pembeni yake.  Edna alibaki amesimama, hajui kama aondoke.

Wiki zilizofuata aliendelea kumwosha Betty, kumlisha na kumgeuza, kwa sababu hakuwapo mwingine, na kwa sababu Betty alikataa mkono mwingine. Declan alimpita jikoni bila kumtazama. Mwishoni alimpeleka mama yake Ireland, kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na Adrigole. Asubuhi ya safari aliweka pasipoti ya Edna mezani pamoja na barua ya kumruhusu ahamie kwa mwajiri mwingine. Angeweza kumwekea marufuku asirudi tena Dubai. Hakufanya hivyo, wala hakueleza kwa nini. Betty alipotolewa nje akiwa kwenye kiti cha magurudumu, Edna alimfunika miguu na shali. Betty alimtazama vizuri, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemfungulia mlango.

Edna alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Garhoud, akikunja mashuka. Karibu mwaka ulipita kabla hajamwona Declan tena. Alikuwa amesimama kwenye geti la wafanyakazi, amekonda.

"Mama alifariki," alisema. "Niliona ni haki uambiwe na mimi."

"Pole sana, sir."

"Nilimpeleka kule juu kwa gari, mara moja, kabla. Ziwa, kondoo, kila kitu. Hakujua ni wapi. Aliniomba nimrudishe nyumbani." Alijifuta uso kwa kiganja. "Bado nina hasira na wewe. Nilifikiri itakuwa imeisha."

"Na mimi pia nina hasira, sir," alisema Edna. "Na nafsi yangu, na wewe kidogo."

Declan aliitikia kwa kichwa. Walipeana mikono, na hawakuonana tena.

Bi Joha alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Hilwa, anayeishi mtaa wa Qusais, ambaye naye alikuwa ameanza kuwaita watoto wake kwa majina ya marehemu. Mara mbili Bi Joha alimwomba Edna akakae naye, na mara mbili Edna alikataa. Alisema mashuka si mama wa mtu, ukiyaacha yanabaki pale pale. Mara ya tatu Bi Joha hakumwomba. Alimpigia simu tu kumwambia kwamba Bi Hilwa anapenda kuimba, na siku hizi hana wa kumwitikia.

Edna alisogea mbali na mashine zilizokuwa zikinguruma.

"Ijumaa sina zamu," alisema. "Nitakuja kumsalimia, bibi. Kumsalimia tu."

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Joha. "Njoo ule kwanza."